Shuka la Mteja Namba Tatu

Kinyaa kilimpata Kitinda siku yake ya nne kwenye kozi, na hakikutokana na kinyesi.

Kinyesi ndicho walichokiogopa wenzake. Kila asubuhi, kabla mwalimu hajaingia, walikaa wote kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, wakiulizana nani atastahimili na nani atarudishwa kwa ndege ya kwanza. Wakala alikuwa akiwaandaa kwenda nchi ya mbali kutunza wazee majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha nepi. Msusi, aliyeacha kiti chake cha saluni kwa ajili ya safari hiyo, alikuwa na mpango wake.

"Mimi naziba pua kwa pamba," alisema. "Wakiniuliza, nina mafua. Mafua ya mkataba, miaka miwili mfululizo."

Walicheka. Kitinda alitabasamu kidogo kwa adabu. Alikuwa amemwogesha na kumbadilisha mama yake kwa miaka mitatu, asubuhi na jioni, mpaka alipozikwa miezi miwili iliyopita, na katika miaka hiyo hakuwahi kutema mate wala kugeuza uso. Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, na jina lilimganda hata alipofika miaka thelathini na sita, wakati nyumba nzima ilikuwa imebaki na watoto wawili tu, yeye na kaka yake.

Kaka huyo, dalali wa nyumba, ndiye aliyemletea habari za safari wiki mbili baada ya mazishi. "Nimekutengenezea kila kitu," alimwambia. "Wewe hata usaili hufanyi. Kaa darasani wiki moja upate cheti, saini mkataba, uende." Kitinda hakuuliza ilikuwaje wenzake wasome wiki tatu na kufanyiwa usaili mara mbili, na yeye asajiliwe hivi hivi. Hakuwa na nguvu ya kuuliza. Alijua tu kwamba kila alfajiri mikono yake iliamka kabla yake, ikitafuta beseni, na beseni halikuwa na kazi tena. Kama kulikuwa na mahali mikono ile ingepata kazi, basi aende.

Kwa hiyo alikuja Jumatatu, akapewa kiti cha binti mmoja aliyekuwa ameondoka jana yake kwenda huko huko nchi ya mbali. Walimwita Miwani. Chini ya kiti alikuwa ameacha kibanio cha nywele na maganda ya peremende.

Darasa lilikuwa na kitanda cha hospitali, televisheni ukutani na mdoli mkubwa wa mpira. Mwalimu, nesi mstaafu ambaye wote walimwita Sista, alimpokea Kitinda siku ya kwanza kwa sheria moja. "Hapa hakuna bibi, hakuna babu, hakuna mgonjwa. Kuna mteja. Ukimwita mtu bibi utamzoea, ukimzoea utachoka." Mdoli ndiye peke yake aliyebaki kuitwa Bibi. Mkono wake wa kushoto ulichomoka kila alipogeuzwa, ngozi yake ilinata kwa mafuta ya wanafunzi wa miaka yote, na kwapani alikuwa na ukungu mweusi. Sista naye alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, kidole kile kile alichotoka kukichovya kwapani mwa Bibi. Kitinda aliyaona hayo akayapita. Hakuwa mtu wa kinyaa.

Siku ya nne, Alhamisi, Sista aliunganisha kompyuta na televisheni.

"Leo tunachambua mteja namba tatu," alisema. "Niliwatumia kwenye kundi wiki iliyopita, najua mmeshaiona. Leo muiangalie kwa jicho la kazi. Hii siyo hospitali, ni nyumbani kwa mtu, kama mtakavyokuwa ninyi."

Picha ilikuja ikitikisika. Kitinda aliona ndoo kwanza: ndoo ya bluu, mpini wake wa waya umezungushiwa kitambaa. Akawaza, kumbe kuna watu wengine wanazungushia kitambaa kwenye mpini. Kisha ukaja mkono ukitia taulo ndani ya ndoo, na juu kidogo ya kifundo cha mkono kulikuwa na kovu refu la moto, linalofanana na jani. Kitinda alishusha macho, akalitazama kovu lile lile likiwa limetulia kwenye paja lake. Akavuta mkono wa sweta ukalifunika.

Alipoinua macho, mama yake alikuwa kwenye televisheni, amelala ubavu, amemgeuzia darasa mgongo. Sura yake haikuonekana. Shuka la maua ya zambarau lilimfunika kuanzia mabegani, na mkono ulikuwa ukimwogesha kwa chini yake, bila kulifunua, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta kitu gizani na anajua kilipo.

"Mama," ilisema sauti ya kizee kwenye televisheni. "Mama, nina baridi."

"Nakufunika, mwanangu," ilijibu sauti nyingine. "Nakufunika sasa hivi."

Darasa liliangua kicheko.

"Mtoto mwenyewe ana mvi," alisema Msusi.

"Kazaliwa na meno ya bandia huyo," alidakia mwingine nyuma.

Kitinda aliisikia sauti yake ikitoka ukutani na kucheka kukiipita juu. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Walikuwa naye siku nne tu, na katika siku hizo alikuwa amesema salamu na ahsante.

Wangejuaje. Yeye mwenyewe ilimchukua wiki nyingi kujua. Mama alikuwa akimwita "mama" tangu utotoni, kama mama yeyote anavyomwita binti yake: haya mama, njoo ule; mama, nishikie hiki. Ugonjwa wa kusahau ulipoanza, aliendelea kumwita hivyo, na Kitinda aliendelea kuitika bila kuwaza. Mpaka siku moja bi mkubwa alimshika gauni akamuuliza, "Mama, baba atarudi saa ngapi na kiatu changu?" Ndipo Kitinda alipoelewa kwamba neno ni lile lile lakini aliyekuwa akiitwa amebadilika, na hakujua ni tangu lini. Amekuwa akiitika jina la bibi yake aliyekufa zamani. Angefanya nini, amkatalie? Siku ile alijibu, "Anarudi jioni, mwanangu," na uso wa mama yake ulilegea kama uso wa mtoto aliyebebwa. Kuanzia hapo waliishi hivyo.

Kwenye televisheni mkono ulitua kiunoni. Kitinda alikumbuka kinachofuata, akatamani umeme ukatike. Kulikuwa na kidonda sehemu ya chini ya mgongo, cha kulala, kikubwa kama kiganja, na kidonda hakisafishwi kwa kupapasa. Ilibidi shuka liinuliwe. Kila siku alikuwa akimgeuzia mlango mgongo wake yeye mwenyewe ili amkinge mama, kwa sababu bi mkubwa alisahau mwaka, akasahau watoto, akasahau kutafuna, lakini aibu hakuisahau. Shuka likiinuka tu, alijikunyata.

Shuka liliinuka. Na picha, badala ya kurudi nyuma, ilisogea. Ilizunguka upande wa miguu ya kitanda, ikamkwepa Kitinda aliyeinamia kidonda bila kuinua kichwa, ikasogea tena mpaka kidonda, matako yaliyonyauka na nepi iliyofunguliwa vikajaa televisheni nzima. Mtu aliyeshika simu alikohoa kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Picha ilipanda ukutani, kwenye kalenda ya mwezi wa tatu, ikazimika.

Kitinda alikijua kikohozi kile. Alikuwa nacho nyumba moja tangu azaliwe.

"Haya," alisema Sista. "Zuri gani mmeliona? Maji anayabadilisha. Mkono mwepesi. Kosa je? Anamwita mteja mwanangu, tumesema nini kuhusu kuzoeana? Na lile shuka. Linamchelewesha. Mteja afunuliwe, ngozi ionekane yote, kazi iishe dakika kumi na mbili."

Wenzake waliandika. Kitinda alisikia kalamu zikikwaruza karatasi, na kitu kikapanda kutoka tumboni polepole, kizito, chenye ladha ya chuma. Wakati wa chai alipokea kikombe. Utando wa maziwa ulikuwa umejikunja juu kama ngozi. Alikimwaga kwenye sinki la choo, akafungua maji, akakaa pale akitazama utando ukikataa kupita kwenye tundu.

Alimkuta Sista ofisini akilamba kidole juu ya mafaili.

"Sista, ile video mmeipata wapi?"

"Ya namba tatu?" Sista aliinua uso, akacheka kidogo. "Si ni yako hiyo? Nilidhani unajua. Sikukutaja darasani nisije nikakuvimbisha kichwa mbele ya wenzako."

"Yule ni mama yangu."

"Najua, pole sana. Kaka yako alinieleza. Ndiyo maana sehemu ya sura tumeikata. Sisi hapa tuna maadili."

"Mmekata sura."

"Ndiyo."

"Mkaacha mengine."

Sista alifunga faili. Hakuwa mtu mbaya. Kitinda angependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. "Sikiliza, mwanangu," alisema, akisahau sheria yake mwenyewe. "Wenzako wameleta makaratasi. Wewe umeleta kazi. Familia ya kule ina mzee wao kitandani, wameiangalia ile video mara mbili, wakasema huyu huyu. Hiyo ndiyo iliyokupitisha."

"Itoe."

"Nikiitoa, faili lako linabaki na picha ya pasipoti. Wanataka ushahidi wa kazi kwa mtu hai."

"Nitafanya nyingine."

"Kwa nani? Bibi wa mpira hawamkubali. Na faili linafungwa keshokutwa, Jumamosi saa sita." Alimtazama vizuri. "Ukileta mtu hai akalala pale, nitakupigia video mwenyewe. Usipomleta, ama ile inabaki, ama safari inakufa. Mimi sina njia ya tatu."

Kitinda alirudi nyumbani mchana ule kwa miguu. Harufu ya manukato ya kaka yake ilimpokea ukumbini, tamu, nzito, ikimfuata mtu mpaka kooni. Alimkuta chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa, na sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake. Kaka mtu alikuwa akipima chumba kwa hatua, mkono mmoja umejaa karanga. Alikuwa akizifikicha, anapuliza maganda, yanaangukia pale pale.

"Umesimama alipokuwa analala," alisema Kitinda.

Kaka alitazama chini, akasogeza mguu. "Napima tu. Wapangaji wanaingia tarehe moja. Wewe si unaondoka kabla?"

"Ulimpiga Mama video."

"Video gani?"

"Akioga."

Aliendelea kutafuna. Kitinda aliona karanga iliyosagika ikizunguka mdomoni mwake, nyeupe, na midomo ikifunguka na kufunga. "Ah, ile," alisema. "Imekusaidia, sivyo?"

"Kalenda ilikuwa ya mwezi wa tatu. Mama amekufa mwezi wa sita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulikuwa unanitafutia safari yeye akiwa hai. Ningeenda, nani angemwogesha?"

Kaka alipuliza maganda. "Wewe unaijua ile hali. Daktari mwenyewe alitutajia miezi. Mtu mwenye akili anajipanga. Nilijipanga kwa ajili yako, usije ukabaki huna mbele wala nyuma."

"Ulijipanga afe lini?"

"Usinilishe maneno, Kitinda."

"Miaka mitatu hukuingia humu na beseni hata siku moja. Siku uliyoingia, umeingia na simu."

"Mwanamume hawezi kumwogesha mama yake. Ni aibu."

"Lakini anaweza kumzunguka apate picha nzuri."

Kaka alitia karanga zilizobaki mfukoni, akapangusa kiganja kwenye ukuta, pale pale ambapo kalenda ilikuwa imetundikwa. Mkono uliacha alama ya mafuta. Kitinda aliitazama alama ile. Katika chumba hiki alikuwa amekwangua usaha, amefua mashuka yaliyoganda, amekula chakula chake cha mchana ameketi ukingoni mwa kitanda harufu yote ikiwepo, na chakula kilishuka vizuri. Leo alama ya mafuta ya karanga ilimfanya ameze mate mara tatu.

"Jumamosi asubuhi njoo kwa wakala," alisema. "Nahitaji mtu hai wa kumwogesha mbele ya kamera."

Kaka alicheka. Alipoona mwenziwe hacheki, akaacha. "Mimi?"

"Wewe."

"Na kitambi hiki? Nani ataamini mimi ni mzee?"

"Hawatafuti mzee. Wanatafuta mwili."

"Na nisipokuja?"

"Siendi. Nakaa humu humu, na wapangaji wako watanikuta hapa ulipokanyaga."

Kaka alizungusha macho chumbani: dirisha, mlango, pembe zote nne. Kitinda alimwona akifikiri, na kichefuchefu kikamrudia, kwa kuwa alijua anachokifikiria, na hakikuwa Mama wala hakikuwa yeye, kilikuwa chumba.

"Saa ngapi?" akauliza kaka yake.

"Saa nne. Usijipake manukato."

Alijipaka. Jumamosi alikuja na bukta mpya yenye mstari ubavuni, akawasalimia wasichana mmoja mmoja kama mgombea, akatania kwamba leo wataona mteja wa daraja la kwanza. Alipopanda kitandani na shati likavuliwa, utani ulimwisha. Alikuwa mnene laini, mweupe wa tumbo kuliko wa uso, na vidole vyake vya miguu vilijikunja vyenyewe. Bibi wa mpira alikuwa ameketishwa pembeni kwenye kiti, bila mkono, akitazama.

Kitinda alijaza ndoo. Alipima maji kwa kiwiko. Alitoa mkobani shuka la maua ya zambarau, akamfunika nalo kaka yake kuanzia mabegani, na kwa chini yake akaivuta bukta ikatoka. Aliitundika kwenye reli ya kitanda.

"Shuka tena?" alisema Sista nyuma ya simu.

"Ndivyo ninavyofanya."

"Haya. Kazi ni yako."

"Mteja, naanza na shingo," alisema Kitinda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno lile kwa mtu, na lilimtoka bila tabu.

"Mteja ananukia kuliko sabuni," Msusi alinong'ona, na wawili watatu wakacheka.

Ilikuwa kweli. Maji ya moto yaliyafufua manukato, yakachanganyika na jasho, yakapanda kama maua yaliyosahauliwa kwenye chupa wiki nzima. Kitinda alivumilia. Alipitisha taulo chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kwapani, katika mikunjo ya tumbo ambamo maganda mawili ya karanga yalikuwa yamejificha. Mgongo wa kaka yake haukuwa na kidonda wala ukurutu. Ulikuwa mgongo safi wa mtu anayekula vizuri na kulala vizuri, na kila alipougusa nywele za mikono yake zilimsimama. Alitaka kusugua. Alitaka maji yawe ya moto zaidi kidogo. Lakini mkono haukumtii. Uliinama na kuinuka kwa uzito ule ule, ukakamua taulo pale pale palipozoeleka, ukafuta povu kabla halijakauka. Mkono haukujua ni nani aliyelala pale.

Alikunja mkono wa sweta usilowe. Msusi, aliyekuwa karibu na miguu ya kitanda, alikuwa akijiandaa kusema jambo. Aliliona kovu. Akalitazama, akatazama ndoo, akamtazama Kitinda usoni, na hakusema tena neno mpaka mwisho.

"Sasa funua chini ya mgongo," alisema Sista. "Kule wanataka kuona ukikagua ngozi." Akasogea na simu.

Kitinda alishika pindo la shuka. Kabla hajalipandisha, mkono mnene ulitoka upande wa pili ukalidaka.

"Sista," alisema kaka yake. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hapo usipige."

"Ni sekunde tano tu."

"Nimesema usipige. Kuna watu humu."

Kaka mtu alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo imekakamaa, na macho yake yakakutana na ya dada yake, aliyeinama juu yake ameshika pindo. Kitinda alimtazama, akaona kwamba kaka amesikia alichokisema mwenyewe. Kilimfika taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Kaka alishusha kichwa, akageukia ukuta.

"Amesema usipige," Kitinda alimwambia Sista.

"Na ukaguzi?"

"Nitakagua kwa mkono, chini ya shuka. Nitasema ninachokikuta."

Sista alisita, kisha akashusha simu mpaka ikabaki na mikono na shuka tu. Kitinda alikagua. Alisema kwa sauti ya kawaida: ngozi ni kavu, haina wekundu, haina kidonda. Alipomaliza alikausha miguu, kidole kwa kidole.

"Kitinda," kaka yake alisema akiwa bado amegeukia ukuta. "Nina baridi."

Maneno yaliyofuata yalikuwa tayari, yamekaa kwenye ulimi kama yalivyokaa miaka mitatu. Alifunga mdomo juu yake. Alivuta shuka mpaka mabegani mwa kaka yake, akalichomeka pembeni pasipite upepo, akabeba ndoo kwenda kumwaga. Kule sinkini ndipo alipotapika, maji matupu. Akanawa, akarudi.

Kaka yake aliondoka bila kuaga, vifungo vya shati vimepishana.

Sista alikuwa ameshaweka video mpya kwenye faili. Kitinda alisimama nyuma ya kiti chake. "Sasa ile."

Sista aliitafuta, akaifuta.

"Na kwenye kapu."

"Kapu gani?"

"La kompyuta. Vikifutwa vinakaa kapuni. Na kule kwa familia ya wale watu."

Sista aliguna, akafungua kapu, akalimwaga. Aliandika barua pepe fupi kwa familia ile, Kitinda akiisoma neno kwa neno, kwamba video ya kwanza iliwekwa kwa makosa, waifute, wapokee hii. Kitinda aliposikia mlio wa barua kuondoka, mabega yake yalishuka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Msusi alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Dada," alisema. "Namba tatu ni wewe."

"Ndiyo."

"Mimi ninayo. Sote tunayo, Sista alitutumia kundini." Alikuwa akiitazama simu badala ya kumtazama yeye. "Nilikuwa najifunza nayo. Halafu nilimwonyesha mume wangu. Tulicheka pale unaposema mwanangu. Nisamehe, dada yangu, sikujua."

Kitinda alirudi darasani. Alikwenda kiti kwa kiti. Hakuomba wala hakueleza. Alisimama mbele ya kila mmoja akangoja, na mmoja mmoja walifungua simu zao, wakamwonyesha, wakafuta. Alimwona mama yake mara kumi na moja, mdogo kama kidole gumba, amejikunyata mara kumi na moja. Mmoja alikuwa ameihifadhi karibu na picha za harusi ya dada yake. Mwingine alikuwa ameandika chini yake alama tatu za kicheko.

"Zimekwisha," alisema alipofika kiti cha mwisho.

Msusi alitazama kiti alichokalia Kitinda wiki nzima. Kibanio cha nywele kilikuwa bado pale chini.

"Miwani," alisema. "Naye yumo kundini."

Walimpigia. Namba haikupatikana. Walimwandikia, ujumbe ukabaki na alama moja. Msusi alisema watu wakifika kule hubadilisha laini siku hiyo hiyo, na simu wanabaki nayo ile ile.

Kwa hiyo mama yake, ambaye hakuwahi kuvuka hata mto, alikuwa ameshafika nchi ya mbali. Ametangulia, bila shuka, mfukoni mwa binti asiyemjua.

Jumapili Kitinda alifunga sanduku. Hakuwa na vingi: nguo mbili za joto, viatu, cheti, mkataba aliokuwa amesaini. Kaka yake alipita mlangoni, akasimama mbali kuliko kawaida yake. Siku hiyo hakunukia.

"Hilo shuka la zamani la nini?" aliuliza. "Kule mashuka yapo."

"Najua yapo."

Alilikunja, akaliweka juu kabisa, pale litakaposhikwa kwanza sanduku likifunguliwa. Kisha akachukua daftari la kozi. Wenzake walikuwa wamejaza kurasa thelathini. Lake lilikuwa na ukurasa mmoja tu wenye maandishi, aliouandika Jumamosi jioni akiwa amemsimamia Sista mpaka alipompa: jina la mji aliopelekwa Miwani, mtaa, na namba ya nyumba. Sista alisema ni mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka pale atakapofanya kazi yeye, na kwamba watapewa mapumziko siku moja kwa wiki.

Akauchana ukurasa ule, akauweka ndani ya mikunjo ya shuka, akafunga sanduku.